Barafu ya Kwenye Miwani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na kwamba lile goti siku hizi linakuacha ulale. Baba naye msalimie. Mwambie kikohozi hakishindwi kwa ubishi, aende akaonwe. Sisi huku tunapumua, ila sitakuficha: mmoja wetu anapumulia kitandani.

Najua kwenye simu mdogo wangu alikwambia ameteguka bega tu. Alinikonyeza nisiseme neno. Ukweli ni kwamba amevunjika nyonga. Daktari anasema atatembea, lakini kukimbia hathubutu kuahidi. Usilie kwanza, mama, nisome mpaka mwisho.

Ulicheka sana tulipokwambia tunajifunza mashindano ya vigari vya kuteleza kwenye barafu, sisi ambao barafu tunaijua ya kwenye friji. Mazoezi yalikuwa kwenye chumba nyuma ya gereji. Kigari kimefungwa juu ya springi, feni kubwa inatupuliza usoni. Tunavaa miwani mizito ya kompyuta inayofunika macho yote, na mara gereji haipo tena: unaona mlima, theluji, na njia ya barafu inakuvuta chini kama mfereji. Mimi mbele na kamba za usukani, yeye nyuma, msukumaji na mshika breki. Kocha alituambia tusiogope, humo ndani hafi mtu. Kweli, tulipinduka mpaka tukazoea. Ukipinduka, miwani inakuwa giza kidogo, halafu unajikuta juu tena, kigari kinakungoja. Mdogo wangu akawa ananitania kwamba nina roho ya paka.

Basi tukasafirishwa hadi kwenye barafu yenyewe. Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Kona zote nilikuwa nazo kichwani, hata wenyeji wakashangaa. Kitu ambacho miwani haikutufundisha ni uzito. Kwenye kona unahisi mtu mzima amekukalia kifuani. Siku moja mdogo wangu alishuka kwenye kigari, akaniomba tusirudie tena siku ile, kwa sababu ile kona ya mwisho inamtisha. Nikamcheka. Nikamwambia tumeipita mara ngapi ile, mpaka leo ndiyo imuotee meno? Akavaa helmeti. Unamjua, hajawahi kunibishia. Alisema tu, "Sawa dada, wewe ndiye unayeona mbele."

Kona ileile ikatupindua. Nilichelewa kuvuta kamba. Kigari kikatuburuza vichwa chini, kikasimama kikiwa kimemlalia mdogo wangu nyongani.

Hapa kila mtu anaamini kwamba nilizimia. Kocha ndivyo anavyoeleza, na mdogo wangu ndivyo anavyowaambia wauguzi, tena kwa huruma.

Mama, sikuzimia. Nilikuwa macho. Nilimsikia akiniita, dada, dada, nitoe. Mkono wangu ungemfikia. Nikalala pale kimya, moyo umetulia kabisa, kwa sababu nilikuwa nasubiri lile giza la kwenye miwani lipite nijikute juu, tuanze upya. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Walipokuja watu wakakinyanyua kigari, barafu ikaniingia shingoni, ndipo nikajua hakuna juu pa kurudi.

Leo amenibembeleza nile. Kanishika mkono, akaniambia nisijitese, mtu aliyezimia hana kosa. Nikaisukuma sahani kando. Kesho, wakishambadilisha bandeji, nitamwambia mwenyewe. Barua hii nampa muuguzi aipeleke posta sasa hivi, maana nikiamka nayo mkononi nitaichana, na nikiichana nitanyamaza maisha yangu yote.

Akikupigia analia, mpokee. Akisema hataki kuniona, usimlazimishe, mama. Mwache na hasira yake, ni haki yake. Nisalimie shangazi na majirani wote wanaoniulizia. Wewe jitunze, na kama bado unaweza, niombee.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako.