Pampu Tuliyoizika

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Anajulikana kama Mzee Upepo
Umri: Miaka 72, kwa makadirio yake mwenyewe
Kazi: Fundi wa matairi
Makazi: Chumba cha nyuma ya kibanda chake cha kazi, lami inapoishia
Siku: Ijumaa, tarehe 14, saa 2:40 asubuhi

Mimi ndiye huyo aliyetajwa hapo juu. Kusoma sijui, kwa hiyo mimi nasema na afande anaandika. Nimemwomba asininyooshee maneno. Jana nilisema mbele ya watu yakasikika vingine, leo nataka yasikike yalivyo.

Naziba pancha pale mwisho wa lami mwaka wa arobaini na moja sasa. Ukitoka kwangu kwenda mbele ni vumbi, halafu mchanga, halafu mawe meusi, halafu visima vya wafugaji, basi. Hakuna gari linalokwenda huko bila kusimama kwangu. Nikilipiga tairi teke nakwambia lina upepo kiasi gani, na kipimo kikisema vingine, kipimo ndicho kibovu. Afande ameniambia nifupishe. Nafupisha.

Mnamo tarehe 11, siku ya Jumanne, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, lilifika gari la ofisi ya maji, pikapu nyeupe ya milango minne. Saa naikumbuka kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa imekwisha na nilikuwa nimezima redio kuokoa betri. Ndani walikuwa wawili. Mmoja ni dereva, sisi tunamwita Taratibu, kwa kuwa hajawahi kufika mahali kabla ya vumbi lake. Huyo ndiye mliyemfungia humu ndani. Wa pili alikuwa fundi wa visima, binti wa miaka kama ishirini na nane. Yeye ni rika la wajukuu zangu, kwa hiyo mimi namwita mke wangu na yeye ananiita mume wangu. Kila akipita anauliza kama bado sijafa, maana anataka kurithi pampu yangu ya mguu. Walikuwa wanakwenda kisima cha tatu, ambako mashine ya kuvuta maji ilikuwa imeharibika wiki nzima.

Nililizunguka gari. Nilikaza nati za magurudumu yote. Nilichomoa kijiwe kilichobana kwenye meno ya tairi la nyuma kushoto. Valvu mbili hazikuwa na vifuniko, nikazivisha, kwa sababu vumbi likiingia mle upepo unatoka kidogo kidogo na wewe hujui. Spea ilikuwa moja. Nikamwambia Taratibu njia ile haiendwi na spea moja. Akasema ofisi imetoa moja, yeye angetoa ya pili wapi, mfukoni?

Halafu nikawapa maneno ninayompa kila mtu. Mkifika kwenye mchanga simameni, punguzeni upepo mpaka kipimo kisome kumi na nane, tairi litatanuka kama mguu wa ngamia na halitazama. Mchanga ukiisha, kabla gurudumu halijagusa jiwe jeusi hata moja, simameni tena mjaze mpaka thelathini na tano. Tairi lililolegea likipanda mawe linatoa ubavu nje, na ubavu wa tairi ni mlaini, jiwe linauchana kama shuka. Mke wangu akasema kumbe ameolewa na mwalimu na hakuambiwa.

Nikauliza watajaza kwa kitu gani. Taratibu akatoa pampu mpya ya umeme, ile ya kubana kwenye betri ya gari, ukubwa wake kama tofali. Nikamwambia hiyo ni ya kujazia mpira wa chekechea. Akasema inaushinda mguu wangu. Mtu akiutukana mguu wangu mimi sikai kimya. Tukawekeana mashindano: yeye tairi la mbele kulia kwa mashine, mimi la mbele kushoto kwa mguu, yote yaanze kumi na nane, tuone nani wa kwanza kufika thelathini na tano. Mke wangu akashika kipimo.

Nilishinda. Nataka iandikwe pia kwamba niliiba. Tairi langu sikulishusha chini ya ishirini na saba. Mke wangu alipima, akaona, akanikonyeza, akatangaza kumi na nane.

Nilipomaliza, mashine ilikuwa bado inanguruma. Nikaichomoa, nikailaza kwenye benchi langu, nikavua koti nikaifunika gubigubi. Nikasema ndugu zangu tumempoteza kijana, alikuwa na kelele nyingi ila pumzi ndogo. Nikawataka watoe heshima za mwisho. Taratibu akavua kofia. Mke wangu alicheka mpaka akaketi kwenye tairi bovu, anajifuta machozi.

Akasema, "Mume wangu, utaniua wewe."

Tairi lao la kulia nililimalizia kwa mguu, kwa kuringa tu. Ndiyo maana mashine haikuguswa tena. Waliondoka saa tatu na dakika kumi. Naona kila mmoja alidhani mwenzake ameichukua. Wakati gari linageuka mke wangu alisema kitu dirishani, lakini injini ilikuwa inavuma, sikusikia.

Saa sita mchana nilinyanyua koti nitafute miwani. Pampu ilikuwa pale pale. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Saa saba kasorobo akaja dereva wa lori la mapipa, anayewapelekea maji wafugaji wa kisima cha kwanza. Njia ni ile ile mpaka njia panda, yeye anakata kushoto, mchanga uko mbele kidogo. Nikamwonyesha marehemu, nikamsimulia mashindano yote na nilivyoiba. Alicheka sana. Halafu akasema nimpe awapelekee, akifika njia panda atanyoosha mbele awafuate, ni kama saa moja tu, na Taratibu hakimbii.

Mimi nikasema, "Waache. Nataka Taratibu arudi mwenyewe kuja kuchukua mwili."

Tukacheka wote wawili. Akaenda zake. Alipofika njia panda akakata kushoto.

Afande ameniuliza kama nilijua kwamba hawana kitu kingine cha kujazia. Nilijua. Ameniuliza kama niliyajua mawe yale. Mawe yale yamenilisha miaka arobaini na moja, nitasemaje siyajui. Nilidhani watagundua mapema, watarudi na aibu yao. Sikufikiri kwamba kupunguza upepo hakuhitaji pampu. Unabonyeza valvu kwa ncha ya ufunguo, upepo unatoka, unavuka mchanga unaimba. Pampu unaitafuta ukishavuka. Hilo ni jambo ambalo hata mtoto angelifikiria, na mimi ndiye ninayewafundisha watu.

Jumanne ile mpaka jioni na Jumatano kutwa nzima nilikuwa nawaonyesha wateja. Nililifunua koti na kulifunika mbele ya watu kama tisa. Kila mmoja nilimpa habari za msiba.

Yaliyotokea mbele sikuyaona. Nasema nilivyoambiwa na dereva wa lori, ambaye naye aliambiwa na Taratibu. Mchanga walivuka salama. Kabla ya mawe walisimama kama nilivyowaagiza. Walitafuta pampu chini ya viti, kwenye boksi la spana, mpaka ndani ya begi la nguo. Taratibu alitaka warudi. Binti akasema watu wa kisima cha tatu wana wiki bila maji, na kimebaki kama kilomita tisa, waende polepole. Wakaenda. Tairi la kwanza lilichanika ubavu, wakafunga spea. Spea nayo ilikuwa imelegea, na ya kuijaza hakukuwa na kitu. Ikachanika kabla hawajafika mbali. Walilala garini. Jumatano alfajiri binti alimwambia Taratibu abaki na gari, yeye atakwenda kisimani kwa miguu, wafugaji watampa ngamia. Alichukua chupa moja ya maji na spana zake.

Wafugaji walikuwa wameshahama.

Ofisi ilipoona kimya, Alhamisi asubuhi ikamtuma dereva wa lori awatafute. Alimkuta Taratibu chini ya gari, anaongea na mtu asiyekuwepo. Binti alikutwa kisimani. Alifika, afande, andika kwamba alifika. Mashine ile ina nati sita. Alikuwa amefungua nne.

Jana Alhamisi tarehe 13, saa tisa alasiri, lori lilirudi likasimama kwangu, kwa sababu ndipo wewe afande na mkubwa wa ofisi ya maji mlipokuwa mnasubiri. Binti alikuwa nyuma katikati ya mapipa, amefunikwa turubai, miguu imetokeza kidogo, kiatu kimoja kimefunguka kamba. Nilikuwa nimevaa koti langu. Kulikuwa na jua kali na mimi nimevaa koti. Pampu nilikuwa nimeisukumia chini ya benchi niliposikia watu wanasema lori linaleta maiti.

Wewe afande ukashusha matairi mawili yaliyochanika ukaniuliza, kama fundi, yamekufaje. Nikajibu. Niliinama nikaingiza mkono ndani, nikatoa vumbi la mpira, nikawaonyesha mstari wa kuungua uliozunguka ubavu mzima. Nikasema hili halikuuawa na jiwe, jiwe limemalizia tu, hili liliendeshwa bila upepo wa kutosha. Nikasema dereva hakujaza. Nilisema kwa sauti, watu wamejaa, na najua kusema. Hata ubavuni nilipiga kofi ili wasikie unavyolia. Na yote niliyosema yalikuwa kweli.

Mkubwa wa ofisi akasema pampu imo kwenye orodha ya vifaa na dereva ndiye aliyetia saini, kama haimo garini basi ameiuza. Dereva wa lori alikuwa amekwenda kutafuta sanda, na wale niliowaonyesha msiba hawakuwamo kwenye umati. Taratibu alikuwa ameketi chini, midomo imepasuka. Alinitazama mimi. Sauti ilikuwa haitoki vizuri.

Akasema, "Mzee wangu, ile pampu yetu haikubaki kwako?"

Nami nikasema, "Si tuliizika wote, umesahau?"

Sijui kwa nini. Mdomo wangu una njia yake, na siku zote unafika kabla yangu. Nilitaka kusema ndiyo, iko hapa, na kilichotoka ni hicho. Hakuna aliyecheka. Wewe ukaniambia nina umri mkubwa hivi na bado naleta mzaha mbele ya maiti, ukaniambia ninyamaze. Nikanyamaza. Nilikuwa nimesema kweli na hakuna aliyeielewa, na nikaona afadhali isieleweke. Taratibu mlimtia pingu mbele ya kibanda changu. Alikuwa anajaribu kukumbuka, nilimwona. Alivua kofia akaishika mkononi, akaiangalia, kama kwamba kofia ile inajua jambo.

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu niliitoa pampu chini ya benchi, nikaifunga kwenye lile lile koti, nikatembea nayo mpaka hapa kituoni. Watu niliopishana nao walinisalimia na kuniuliza marehemu anaendeleaje. Niliwazoesha mwenyewe.

Kwa hiyo naeleza hivi. Taratibu hakuuza kitu. Aliipeleka pampu mpaka mwisho wa lami kama karatasi yake inavyosema, na mimi niliifunika kwa koti langu mbele ya macho yake. Mchanga aliuvuka kama nilivyomfundisha. Kwenye mawe alisimama kama nilivyomfundisha. Aliyekuwa na cha kujazia ni mimi, na nilipata lori la kukipeleka, nikakatalia kwa ajili ya kicheko. Kama karatasi hii ina mahali pa kuandika kosa la mtu, hapo ndipo pa kuniandika mimi.

Afande amesema ataijaribu pampu aone kama inafanya kazi. Inafanya kazi. Naomba tu nitoke nje kwanza, nisiusikie mlio wake.

Nimemaliza. Haya yametoka kinywani mwangu, hakuna aliyenilazimisha wala kuniahidi kitu. Sina kalamu, nina kidole.

(Alama ya dole gumba la kulia la shahidi)

Maelezo ya afisa aliyeandika:

Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotamkwa na kumsomea shahidi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Amekubali kuwa ni sahihi. Nilimuuliza kama anataka sehemu za mzaha ziondolewe kabla jalada halijapelekwa mbele. Alisema ziachwe zote, kwa sababu ndizo zilizotokea.

Vielelezo vilivyopokelewa: pampu moja ya umeme ya kujazia matairi, nzima, na koti moja la rangi ya kaki. Shahidi aliomba arudishiwe koti. Nilimweleza kwamba kwa sasa haiwezekani.

Saa 4:15 asubuhi, wakati shahidi anatoka, mtuhumiwa alikuwa analetwa kuhojiwa upya. Walikutana kwenye korido. Mtuhumiwa alisimama na kumwamkia shikamoo. Shahidi alifungua mdomo, hakuitikia.