Kwa Mke Mwenzangu, Kuhusu Ile Pesa Moja ya Afrika Mashariki

Mpendwa Mama Rehema, mke mwenzangu,

Mie kalamu siijui, unajua. Nasema, jirani yangu Mwajuma anaandika, na nimemkataza kunilainishia maneno. Barua nimeiacha wazi, asome yeyote. Nilikukosea na mtaa ukasikia, basi na haya mtaa uyasikie.

Tangu uende Mombasa kwa Rehema, redio yako naiwasha mie. Wiki hii walikuwa wanaeleza habari ya pesa moja, kwamba nchi zetu hizi zinataka siku moja ziache shilingi zao na faranga zao, zote zitumie pesa ya aina moja. Hapa kwenye karai langu la vitumbua ikawa vita. Mama Chiku wa genge la mkabala akaanza, "Bibi, Wakenya watatumeza! Shilingi yao moja ni zetu nyingi. Tukichanganya, zetu si zinakuwa makaratasi?"

Nikamwambia, "Kaa chini, mwanangu. Kuchanganya pesa mie na mwenzangu tumekufanya hapa hapa Mbagala, tena bila mtaalamu."

Unakumbuka? Mzee wetu alipofariki kila mmoja alikuwa na kopo lake. Wewe hina na singo za kuwasugua maharusi, mie vitumbua. Ramadhani ikiingia ndoa zinasimama, kopo lako kavu, langu linajaa. Mfungo ukiisha maharusi wanapanga foleni barazani kwako, na mie watu wamenichoka. Tukawa tunakopeshana huku tumenuniana. Mpaka asubuhi moja ukamwaga kopo lako kwenye mkeka ukasema, "Mwaga na lako. Nimechoka kuwa mpangaji ndani ya nyumba yangu." Nikamwaga. Tukawa na mfuko mmoja, na sharti moja ukaliweka wewe: hakuna kuchota bila mwenzio kujua. Miaka tuliyokula kwenye mfuko ule hatukulala njaa hata siku moja.

Basi nikamweleza Mama Chiku kama nilivyosikia. Siku ya kubadili, kila pesa inapewa thamani yake na inafungwa palepale, haipandi wala haishuki. Ya Kenya inapimwa kwa uzito wake, yetu kwa uzito wake. Hela yako iliyokuwa inanunua kilo ya mchele leo, kesho yake inanunua kilo ile ile. Hutajirishwi, huibiwi. Za zamani mnapewa muda wa kuzirudisha benki, na ukizilaza chini ya godoro muda ukapita, shauri yako. Wazungu wengi wameshafanya. Mjerumani na Mfaransa kila mmoja alikuwa na pesa yake, leo wote wananunua mkate kwa yuro. Na mpakani hakuna tena mtu wa kukubadilishia hela akakukata.

Hapo nikakumbuka ile noti ya Kenya uliyonitumia sikukuu ya Idi kwa mkono wa dereva wa basi. Umeondoka kwa hasira, na bado Idi yangu unaijua! Nilipokwenda kuibadilisha yule kijana wa dukani akanikata, nikamtukana mpaka wateja wakacheka. Hasira zenyewe hazikuwa zake, maskini.

Mama Chiku hakukoma. "Kwa hiyo hakuna ubaya, Bibi?"

"Ubaya upo. Noti huchapishi tena peke yako, benki kuu moja inaamua kwa wote. Nchi yako ikibanwa, huwezi kuishusha pesa thamani ili ujikwamue, kwa kuwa pesa si yako peke yako."

Redio ilikuwa bado inasema, na mtaalamu mmoja humo akaongeza lake. Akasema nchi moja ikitumia kuliko uwezo wake na kuficha madeni, wote waliomo wanaumia, ndiyo maana kila nchi lazima iwafungulie wenzake hesabu zake. Mama Rehema, mie nilishika kijiko nikasimama.

"Bibi, vinaungua hivyo!"

"Wacha viungue."

Maana alikuwa ananisema mie. Miezi mitatu nilikuwa nakwambia vitumbua havitoki, biashara mbaya. Vilikuwa vinatoka. Hela nilikuwa nampelekea mwanangu Shabani aezeke nyumba yake kule Boko. Nawe kwa kuniamini ukawa unapaka hina mpaka vidole vinakufa ganzi, ili mfuko usipungue. Ukaja kujua kwa mkwe wetu, mke wa Shabani, amekuja kwa heshima zake zote, "Asante sana mama mkubwa kwa yale mabati."

Ukanigeukia barazani, mbele ya wateja. "Mabati gani, Mama Shabani?"

Ningesema nimekosa, yangeisha. Nikakujibu, "Mwanangu ni mwanangu." Nilikwambia wewe, uliyemnyonyesha Shabani pamoja na Rehema wako siku zote nilizolazwa hospitali. Ulifunga mzigo wako taratibu, ukapiga na deki chumba chako kabla ya kutoka.

Sasa nisikilize. Juzi nilimwita Shabani na mkewe, nikawaambia ukweli wote. Shabani aliinamisha kichwa, akasema, "Mama, umenifanya mwizi wa mama yangu." Kanichoma, na sikumkemea, alikuwa na haki yake.

Mfuko wa pamoja sikuombi. Ukitaka kila mtu na chake, sawa, nitaishi hivyo. Ninachotaka ni wewe chumbani kwako, tugombane redio iwe juu au chini. Lakini hilo siliombi kwa barua. Nimeshapiga picha ya hati ya kusafiria, nimetoka nina sura ya mtu aliyekamatwa na kuku wa wizi. Ikishatoka tu, napanda basi la Mombasa. Nitakaa chini mbele yako, mbele ya Rehema na majirani zake, niseme nilikuficha na nilikutukana. Ukininyamazia, nitashinda barazani kwenu nikiwasimulia wapita njia habari zako za usichana, zote, mpaka utoke mwenyewe kunifunga mdomo.

Mwambie Rehema mie silali kwenye kitanda cha juu.

Mimi niliyekukosea, mke mwenzio,
Mama Shabani, Mbagala