Uwanda Usio na Watu

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa binamu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, chai imeshakolea, na lile goti lako limekubali kukunjika. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto, na watoto wa watoto? Mimi sijambo kwa kadiri ya umri. Macho bado yanasoma, masikio yanachagua la kusikia, na usingizi hunijia mchana bila kupiga hodi. Huku mvua imenyesha wiki nzima, nyembamba kama uzi. Dirisha limejaa ukungu, na mtaa wa chini unaonekana kama picha iliyochorwa na mtu anayekaribia kusahau.

Nisamehe kwa ukimya wa miezi mitano. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na kazi, na usicheke: kazi ya mtandao.

Ilianza na mjukuu wangu, kitinda mimba wa binti yangu, mwenye miaka kumi na maswali elfu. Mwalimu wao aliwaagiza waandike insha kuhusu mahali familia zao zilikotoka. Nikamsimulia mtaa wetu asubuhi nzima: ngazi za mawe, pampu ya maji iliyolia kama bata, harufu ya mbao mbichi kwa seremala. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akaandika jina la mtaa kwenye kompyuta, akanigeukia kwa huruma kama anayemtazama mgonjwa. "Babu," akasema, "hapo hapakuwa na watu."

Nikavaa miwani. Jibu la kwanza kabisa lilikuwa ukurasa wa ile kampuni iliyojenga maghorofa baada ya sisi kuondolewa. Picha za bustani na mabwawa ya kuogelea, na chini yake maelezo kwamba walipofika walikuta "uwanda usio na watu". Jibu la pili lilirudia maneno hayo hayo, la tatu pia. Mtoto akapeleka shuleni insha isemayo kwamba babu yake anakumbuka mahali ambapo pengine hapakuwapo. Binamu, siku tuliyotolewa nilibeba godoro kichwani na sikulia. Siku ya insha nililia.

Binti yangu hupanga orodha za vitabu katika maktaba, na mambo ya kutafuta na kutafutwa anayajua. Alinieleza kwamba ile mashine ya kutafutia haijui kweli wala uongo, inahesabu vidole tu. Watu wengi wakielekeza kwenye ukurasa fulani kwa maneno fulani, inaamini kwamba huko ndiko kwenyewe. Ni kama mgeni anayeuliza njia: kumi wakimnyooshea mkono upande mmoja, atakwenda, hata kama mbele ni shimo.

Basi tukaamua kunyoosha mikono. Kila jirani wetu wa zamani, au mtoto wake mwenye pa kuandikia mtandaoni, aweke maneno ya kampuni yenyewe, "uwanda usio na watu", na anayeyabonyeza atue kwenye ukurasa unaosimulia mtaa wetu. Atakayeuliza uwanda usio na watu ajibiwe na watu.

Mwanzoni niliona haya. Mimi niliyejalidi vitabu vya wenzangu miaka thelathini bila kuongeza hata nukta, leo niipangue foleni ya majibu ya mashine? Nikamwuliza binti kama huo si ulaghai. Alinijibu bila kuacha kumenya viazi: "Baba, tutaandika neno gani la uongo?" Nikalitafuta neno hilo siku mbili, sikuliona.

Tarishi wetu wa zamani ndiye aliyewapata watu. Bado ana mtaa mzima kichwani, umepangwa kama barua ndani ya mkoba. Alipata familia thelathini na nane katika nchi saba. Tukaanza kwa shangwe, na kwa miezi miwili mashine haikutikisika hata kidogo.

Binti akapekua kisa chake, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kila familia ilikuwa imetengeneza ukurasa wa nyumba yake, na kujielekezea yenyewe! Vidole thelathini na nane, kila kimoja kifuani kwa mwenyewe.

Tukaitana kwenye simu ya pamoja, nyuso zote ndani ya kioo kimoja kama abiria wa ndoto. Fundi viatu, yule tuliyemwita Sindano, akadai tuelekeze kwake kwa kuwa nyumba yake ilikuwa kubwa. Mkunga, ambaye sasa ana miaka tisini na mbili, akamdaka: "Kubwa ipi, we Sindano? Ile ya kunyoosha mkono kuzima taa, ukamfinya jirani?" Vicheko vilipotulia, tarishi akamwuliza Sindano mlango wake ulikuwa na rangi gani kwa nje. Sindano akaanza kueleza kuta za jikoni. Alijua kila ufa wa ndani, lakini rangi ya mlango hakuijua. Aliyeijua ni mkunga, aliyekaa mkabala naye: buluu, na kitasa kilichofungwa kwa waya.

Tukaulizana mmoja mmoja, ikawa hivyo hivyo. Mtu hutoka kwake akiipa nyumba mgongo. Uso wa nyumba yako anao jirani wa ng'ambo.

Tukafuta kurasa zote, tukaandika mmoja tu wa kuelekezewa na wote, kila mtu akieleza nyumba iliyomtazama. Jumanne ya wiki iliyopita tukawa jibu la kwanza. Mjukuu alikaa nami akitembea kwenye ukurasa ule kama anayetembea mtaani, nyumba kwa nyumba, akinong'ona rangi za milango. Alipofika kwetu akasimama. Palikuwa na nafasi nyeupe. "Na yetu, Babu?"

Mwalimu amemruhusu aiandike upya insha yake, aisome darasani mwisho wa mwezi huu. Binti anasema tusichelewe: kampuni imeshalalamika, na wenye mashine wakiamua kutushusha, tutashuka. Huenda tuna wiki chache za kuonekana.

Nyumba yetu unayo wewe, binamu, wewe usiyetaka simu yenye kioo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Yenu nimeshaiandika, pamoja na ule ubao uliopasuka ambao baba yako aliapa kila mwaka kuutengeneza.

Fumba macho, usimame mlangoni kwenu asubuhi, utazame ng'ambo. Usipambe. Kama ukuta ulikuwa na uchafu, andika uchafu. Na kama mama yangu ametoka kizingitini, niandikie amevaa nini.

Nisalimie shemeji, wifi yake mkorofi, na yule mwanao daktari wa meno. Binti yangu anakusalimu, na mjukuu anasema shikamoo ingawa hajawahi kukuona. Mungu akupe siku nyingi na mkono usiotetemeka.

Ni mimi nikupendaye tangu tukiwa na meno ya utoto,

Binamu yako, mjalidi vitabu