Tangazo la Mayala wa Shishiyu

Jumatatu, 3 Juni 2013
Imekubali! Majina ya matangazo yote sasa yanatokea kwenye skrini ya studio, na kila jina ni linki. Mtangazaji wetu Thomasi akibonyeza jina, tangazo lake linafunguka, analisoma hewani. Wiki nzima nilikuwa napata maandishi makavu tu, hayabonyezeki. Java, lugha ya kompyuta niliyoandikia programu hii, haina huruma — leo imenihurumia. Basi tena vikaratasi vya Specioza wa mapokezi, vile vya kupeperushwa na feni. Mzee Mahona, mwenye redio, kaja kuangalia. Alianza na kununua pamba, sasa eti anauza sauti. Kabonyeza mwenyewe, kacheka sana. Nimempigia mama.

Jumanne, 4 Juni
Umeme umekatika mchana kutwa. Nimefua.

Jumatano, 5 Juni
Mungu wangu! Saa saba Thomasi kasema hewani, tangazo la Kwandu wa Nkololo. Kabonyeza. Kasoma kilichofunguka: amefariki, mazishi ni kesho, ndugu wote mfike.

Na Kwandu mzima! Tangazo lake lilikuwa karuhusiwa hospitali, wanawe waje kumchukua. Kajisikia mwenyewe kwenye redio ya muuza chai, nje ya wodi. Kaangua kilio, akidhani manesi wanamficha jambo. Nkololo nako wameshaanza kulia.

Kipindi kikakatizwa. Thomasi karudi hewani kuomba radhi. Wilaya nzima inaijua sauti yake. Mimi hakuna anayenijua. Kaniuliza taratibu: Milembe, nilibonyeza vibaya?

Hapana. Linki yangu haishiki tangazo, inashika nafasi yake kwenye orodha. Specioza alifuta tangazo la juu kwenye kompyuta ya mapokezi, yaliyobaki yakapanda. Skrini ya studio ilikuwa bado na mpangilio wa zamani. Kabonyeza Kwandu, likaja la aliyemfuatia, Mayala wa Shishiyu.

Nimerekebisha. Sasa kila linki inabeba namba ya tangazo lenyewe. Nimefuta, nimeongeza, nimebonyeza — sawa! Nikamwambia Thomasi kosa si lake. Halafu kanikatia nusu ya chapati yake.

Alhamisi, 6 Juni
Wanawe Kwandu wamemchukua. Kapita redioni kwa makusudi, kusudi tumwone anapumua. Tumecheka wote. Nimelala vizuri mchana.

Ijumaa, 7 Juni
Specioza kaniita. Mama mmoja katoka Mwandoya, vumbi hadi kwenye kope. Mwangaluka, mayu, nikamwamkia kwa Kisukuma. Akaitikia vizuri — hapo ndipo nilipoumia.

Anaitwa Generoza. Dada yake Mayala.

Mayala! Kwenye vurugu za Jumatano hatukulisoma tangazo lake. Hata mmoja wetu hakukumbuka. Juzi Generoza alisikia ule msiba wa Nkololo, akawaombea wafiwa asiowajua. Kumbe msiba ni wake. Kaambiwa jana jioni na mnunuzi wa ng'ombe aliyetoka Shishiyu. Walikuwa wameshazika.

"Redio tuliwasha kutwa," anasema. Hafoki.

Anataka lisomwe. Na jina la Mayala. Mzee Mahona kampa pole kwa moyo, lakini redio haitangazi mazishi yaliyopita. Watu watauliza kulikoni. Redio siku hizi si moja, wasikilizaji watahama.

"Baba, mimi sijalisikia," kasema Generoza.

Nikasema nitaeleza mimi hewani, kosa ni langu. Mzee kanikazia macho: ukishasema mashine yetu inakosea, nani ataleta tangazo hapa? Ukienda hewani, huna kazi, binti. Kasema kwa upole, kama baba. Kisha katoka nje, anatembea uani na simu mkononi, hampigii mtu.

Naandika hapa mapokezi, kwenye benchi, pembeni ya Generoza. Kanishika mkono wa kushoto. Saa saba inakaribia.

Thomasi kafungua mlango wa studio. Kavuta kiti cha pili, kakiweka mbele ya maikrofoni. Hajasema ni cha nani. Generoza kasimama — hajaniachia mkono. Naweka kalamu, nainuka.