Jumapili Niliyokaa na Gundi

Kabiro, Kawangware

Mama Neema wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Neema na mdogo wake, kisha mama, ambaye najua atataka asomewe barua hii. Utaamua mwenyewe umsomee mpaka wapi. Goti lake linaendeleaje? Na mahindi ya kule chini mtoni, mmeshapalilia mara ya pili au mvua imewazuia? Mimi mwili wangu ni mzima. Kikohozi cha moshi wa kuchomelea vyuma kimepungua tangu ninunue ile barakoa uliyonisumbua ninunue. Kitu kinachonisumbua sasa ni hamu. Juzi mtu alipita karibu na karakana akiwa amebeba mboga ya mrenda mbichi kwenye gunia, nikasimamisha kazi kabisa, nikawa nausikia mlango wa jikoni kwako ukifunguka.

Utashangaa kupata karatasi wakati tuliongea kwa simu juzi tu. Ulisema sauti yangu iko mbali, ukafikiri ni mtandao. Haikuwa mtandao. Kuna jambo ambalo siwezi kulisema huku nasikia unavyopumua. Kwa hiyo nimeandika, na jirani yangu Mama Brenda, anayekuja huko kwa matanga ya shangazi yake, amekubali kukukabidhi mkononi.

Ni habari ya Gundi.

Najua unamkumbuka. Kipa wa timu ya taifa, kijana wa Kibera, jina lake halisi Barnaba, ambaye nchi nzima ilimwita Gundi kwa sababu mpira ukigusa mikono yake haukutoka. Ndugu yako Amos ndiye aliyebandika picha yake kwenye ukuta wa sebule yetu. Siku ile alipookoa penalti mbili, wewe ulisahau ugali jikoni mpaka ukaungua, na hakuna aliyelalamika.

Halafu Leah akauawa. Leah alikuwa mpenzi wake. Mama Leah ndiye aliyemkuta, Jumapili jioni, nyumbani kwa binti huyo pale Gatwekera, Kibera, amenyongwa. Kabla polisi hawajasema neno, Kibera yote ilikuwa imeshasema. Hao wawili walikuwa wamegombana wiki ile, majirani waliwasikia, na hiyo ilitosha. Watu wakachoma pikipiki yake. Picha yake ikazunguka kwenye simu ikiwa imeandikwa MUUAJI kwa herufi nyekundu. Wewe pia ulibandua ile picha ukutani, ukanipigia kuniambia umewasha moto nayo, na mimi nikakujibu umefanya vizuri.

Mama Neema, nilipokujibu hivyo nilikuwa najua kwamba Gundi hakumuua Leah. Saa ambayo Leah aliuawa, Gundi alikuwa na mimi.

Alikuja hapa karakana siku hiyo. Wakati huo nilikuwa bado naishi Kibera, nakuja Kawangware kwa miguu kila siku. Alitaka madirisha ya chuma ya nyumba aliyokuwa anamjengea mama yake, na alitaka kuwepo nikiyachomelea, kwa sababu fundi mwingine alikuwa amemharibia. Alifika saa sita mchana. Mafundi wengine walikuwa kanisani. Tulipoanza tu, stima ikapotea, tukakaa juu ya gurudumu la lori tukingoja irudi. Tulikula githeri. Alinieleza kwamba mpiga penalti humtazami miguu, unamtazama kiuno. Lakini hakuwa na raha, alikuwa anawaza ule ugomvi wake na Leah. Akaniuliza mimi na mke wangu tukikosana, na umbali huu, huwa tunafanyaje. Nikamwambia huwa nakuacha uongee mpaka umalize. Akacheka, akasema basi akitoka hapa atampelekea Leah samaki, akae kimya, amsikilize.

Stima ilirudi saa kumi. Aliondoka jua likianza kwenda chini. Kortini daktari alikuja kusema Leah alifariki kati ya saa nane na saa kumi, na jirani mmoja alisikia kelele saa tisa. Saa tisa mimi na Gundi tulikuwa juu ya lile gurudumu.

Alipokamatwa aliwaambia polisi alikuwa wapi na alikuwa na nani. Siku ya tatu wapelelezi wawili wakaja. Asubuhi hiyo mwenye karakana, aliyekuwa ameshasikia kwamba Gundi ametutaja, alikuwa ameniita pembeni. "Zakayo," aliniambia, "hiyo mambo ya Gundi isiingie hapa kwangu. Hawa watu watachoma hii kazi yote, wewe ukiwa ndani." Na kweli, wapelelezi walipofika, nyuma yao walisimama watu wengi, wakiwa wameshika simu, wakinipiga picha.

"Unamjua huyu?" mmoja akaniuliza.

"Namjua kwa mpira."

"Jumapili alikuwa hapa na wewe?"

"Wateja ni wengi, afande. Sikumbuki."

"Hukumbuki, ama hakuwa?"

"Sikumbuki."

Akaandika hivyo, wakaondoka. Ilikuwa kazi ya dakika chache.

Gundi alikaa rumande mwaka mmoja na zaidi. Kila kesi yake ilipotajwa kwenye redio nilijiambia kesho nitaenda, na kesho ikifika naogopa zaidi kwa sababu sasa ningeulizwa kwa nini sikusema jana. Mwishowe jaji alimwachilia, ushahidi haukutosha. Lakini watu walisema amenunua jaji. Timu yake haikumchukua tena. Na mimi nilikuambia nimehama Kibera ili niwe karibu na kazi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mama Leah anauza omena na sukuma wiki kando ya njia niliyokuwa napita, na kila asubuhi aliniita, "Fundi, umeamkaje?" Nilishindwa kuendelea kumwitikia.

Sasa nije kwa yaliyotokea mwezi huu.

Kanisa moja la hapa Kabiro lina uwanja mdogo, na wasichana wa mtaa wanafundishwa mpira hapo. Nilipewa kazi ya kuwatengenezea magoli ya chuma. Nikaenda na futi yangu kupima. Kocha alikuwa amenipa mgongo, akipanga mawe ya kuweka alama. Alipogeuka, ni Gundi. Amekonda, amefuga ndevu, nywele za kando zimeingia mvi, na huyo ni mtu mdogo kwangu.

Alishika ncha ya pili ya futi bila kuambiwa. Tukapima. Halafu akaniuliza, polepole tu, "Fundi, wewe hunikumbuki?"

"Nakukumbuka kwa mpira," nikasema.

"Uliwahi kunitengenezea madirisha."

"Nimetengenezea wengi."

Akaitikia kwa kichwa, akakunja futi vizuri, akanirudishia. Mara ya pili hiyo, Mama Neema. Na safari hii hapakuwa na polisi wala umati. Nilirudi karakana nikakata vyuma vibaya siku nzima.

Wiki iliyofuata wazazi wakamtambua. Mmoja alituma ile picha ya zamani yenye maandishi mekundu, na Jumamosi mchana wakaitana ndani ya kanisa, na mwenyekiti wao, Mzee Shivachi, akaniambia nije pia kueleza magoli yamefika wapi. Nikakaa nyuma. Gundi alikaa mbele peke yake, kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti.

Baba mmoja alisimama akasema, "Kortini anayeshinda ni mwenye pesa. Si sisi wote tunajua? Huyu alikuwa na pesa." Wengi wakaitikia.

Halafu akasimama Mama Faith, anayefua nguo huko Lavington, ambaye binti yake ndiye kipa. Yeye hakupiga kelele. "Mimi sijasema aliua," alisema. "Nasema sijui. Na mtoto wangu siwezi mwacha na mtu nisiyejua."

Mzee Shivachi akamgeukia Gundi. "Kocha, una la kusema?"

"Sina jipya," Gundi akajibu. "Nilishaulizwa kila kitu, nikajibu kila kitu. Sasa ninyi mnataka niseme nini?"

Mzee akasema basi wanaotaka aondoke wainue mikono. Mikono ikaanza kuinuka. Mimi nilikuwa natazama shingo ya Gundi kwa nyuma, jinsi alivyokuwa ameikaza kama mtu anayengoja kupigwa. Nikajikuta nimesimama.

Nilisema yote. Gurudumu, stima, githeri, saa. Nilisema jinsi wapelelezi walivyokuja na nilivyowajibu. Sauti yangu haikuwa nzuri. Nilipomaliza, yule baba akauliza, "Amekulipa ngapi?" na watu wakacheka. Lakini Mama Faith hakucheka. Aligeuka kabisa kwenye benchi akanitazama.

"Kama ni ukweli, ulinyamaza kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Watu," nikamwambia. "Watu tu kama hivi tulivyokaa."

Mikono ilishuka mmoja mmoja, na mkutano ukaisha bila kuhesabu. Sijui walioniamini ni wangapi. Kuna ambao tangu siku hiyo wananipita bila salamu, wengine kwa sababu wanadhani nimedanganya, wengine kwa sababu wanadhani nimesema kweli.

Gundi alinikuta nje karibu na tangi la maji. Nilidhani atanishukuru, na nakuambia hili ili ujue jinsi mtu anavyoweza kujidanganya.

"Nikiwa ndani," alisema, "nilijiambia fundi amesahau. Ana wateja wengi, siku zinafanana, amesahau tu. Hiyo ndiyo ilinisaidia kulala. Hata juzi uliposema umetengenezea wengi, nilikuamini. Sasa umeniondolea."

Nikamwambia pole. Ni neno dogo sana, lakini sikuwa na lingine.

"Sikuchukii," akasema. "Lakini kwa sasa usiniongeleshe."

Kesho yake baada ya ibada nikatembea mpaka Kibera, kwa Mama Leah. Alikuwa pale pale, anachambua omena kwenye sinia. "Fundi," akasema, "ulipotelea wapi?" Nikaketi kwenye kigoda chake cha wateja, nikamweleza. Hakuacha kuchambua mpaka nilipofika mwisho.

"Kwa hivyo si yeye."

"Si yeye, mama."

"Miaka hii yote nimemlaani kila asubuhi kabla sijanawa uso," alisema. "Sasa nimlaani nani?" Kisha akatazama watu waliokuwa wanapita njiani, mmoja baada ya mwingine. "Na yule aliyemuua mtoto wangu alikuwa anakaa wapi wakati sisi wote tunamtazama Gundi? Labda ananunua mboga hapa kwangu."

Nilitaka anitukane, ingekuwa afadhali. Aliniambia tu, "Enda useme kwa polisi. Si kwa kanisa. Kwa polisi, waandike, waanze kumtafuta tena." Na nilipoinuka akanifungia omena kwenye gazeti, kwa mazoea nadhani, halafu akakumbuka mimi ni nani, akairudisha kwenye sinia.

Jumatatu nikaenda. Afisa aliyeandika taarifa yangu alikuwa kijana, alinisikiliza vizuri. Akaniambia faili litafunguliwa upya, na kwamba kumdanganya mpelelezi ni kosa, naweza kuitwa kulijibu. Akaniambia nisisafiri mpaka waniambie. Kwa hiyo Agosti sitakuja, Mama Neema. Nimezihesabu siku hizo tangu Aprili. Nilikuwa nimeshajua nitashukia upande gani wa barabara, nitapitia kwa nani, na nitakukuta ukifanya nini. Natamani nikae kwenye ule ukuta mfupi wa nyuma ya nyumba, wewe ukikoboa maharagwe, tusiongee chochote. Nimeishi huku miaka tisa na sijawahi kuona mji uko mbali na nyumbani kama wiki hii.

Magoli nimeyamaliza. Jumanne niliyapeleka, nikachimba mashimo. Walikuja wasichana wanne tu, kati ya kumi na kitu. Mama Faith alimleta binti yake mwenyewe, akaketi kando ya mstari muda wote, mkoba mapajani, macho kwa kocha. Hakuwa ameamua bado, na sidhani ni vibaya. Nilipoinua mlingoti wa kwanza peke yangu ukanielemea, Gundi akaja akaushika upande wa pili mpaka nikashindilia udongo. Akaenda kushika na wa pili.

Nisalimie mama, mwambie apake ile dawa hata kama inanuka. Msalimie shemeji yangu Amos, na umweleze haya yote wewe mwenyewe, maana yeye alimpenda Gundi kuliko sisi sote na alilia siku ulipoibandua ile picha. Msalimie mjomba Eliya na mkewe, na yule mwalimu wa Neema aliyeniandikia kuhusu hesabu zake. Msalimie mchungaji pia, ila yeye usimsomee, nitamwambia mwenyewe tukionana.

Wewe husamehe haraka, nakujua. Safari hii usiharakishe. Kaa na jambo hili kwanza, unikasirikie kama unavyotakiwa kunikasirikia, na siku utakayonipigia uongee mpaka umalize.

Na Neema akiuliza kwa nini baba haji Agosti, usimwambie ni kazi. Mwambie baba alisema hakumbuki, na alikuwa anakumbuka.

Mumeo anayekutamani,
Zakayo