Dama Siyo Demu

Ndiyo Juma, zinauzwa kweli, aliyekuambia hakudanganya. Mbegu za bangi zipo duka la dawa hapa mtaani kwetu Xiaobei, mchana kweupe, bibi anapima kwenye mizani. Lakini zile zimekaangwa, mdogo wangu. Wachina wanazisaga, wanakunywa wapate choo! Ila hizo zako hai, ulizoandika umezishona kwenye bitana ya begi uje kuotesha huku, ndizo zilizoninyima usingizi.

Mimi mzima, nimenenepa kwa tambi. Goti la mama vipi? Barua hii usiisome kwa sauti mbele yake. Nimempa Mama Zuhura wa vitenge ailete mkononi, simu siku hizi siiamini.

Sikia ya Side wa Tandika, jirani yangu wa mlango wa pili. Naye aliona zile mbegu dukani akasema, "Kaka, hawa jamaa hawana noma." Akapata nyingine, hai, kwa mzungu mmoja, akaotesha ndani ya kabati la nguo. Ndoo za rangi, taa kali, feni haizimwi. Siyo kama ya kwetu, ndefu, vijani vyembamba. Hii fupi, nene, majani mapana kama kiganja, utadhani imenuna. Ukivuta, mwanzo tamu kama zabibu, katikati udongo wa mvua, mwisho kooni kama umelamba dizeli. Na haichekeshi. Ya kwetu inakuongelesha. Hii inakukalisha, miguu unaiona ile pale lakini siyo yako.

Harufu ikashuka ngazi. Mama mwenye nyumba, tunamwita laoban, yaani bosi, akapanda juu ananusa kuta. Akamuuliza Side, "Dama?" Side akasikia demu! Akajua anaulizwa kama kaficha mwanamke. Akampigia saluti: "Yoo, laoban! Yoo, yoo!" Yaani kwa Kichina, yupo, yupo! Tukacheka wote wawili mpaka tukashikana. Kumbe dama kwa Kichina ndiyo bangi yenyewe. Laoban hakucheka. Alishuka taratibu, mkono ukutani.

Kesho yake mchana polisi wakagonga. Nilimsikia Side, "Nakujaaa," sauti kama ya mtu aliye kisimani. Hakuja. Wakaingia wenyewe. Sasa mlango umebandikwa karatasi yenye mhuri, ndala zake bado ziko nje. Simu yake iliita humo ndani siku nzima. Najua ni mama yake. Nimekaa kitandani naisikiliza mpaka ikaisha chaji. Hapa mtaani hakuna anayemtaja. Ukiuliza, watu wanaanza kukunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Wengine wanasema jela, wengine wanagusa kisogo kwa kidole, yaani risasi. Na jana laoban kanisalimia kwa tabasamu. Hajawahi.

Msalimie shangazi wa chapati, na shemeji fundi cherehani, mwambie mkasi wake nimeupata.

Sasa tufanye biashara, mimi na wewe. Hizo mbegu zichome. Siyo uzifiche, uzichome. Begi lako afunge mama kwa mikono yake, wewe usiguse hata zipu. Ukifanya hivyo, meza yangu ya kuuzia simu tunagawana: upande wa barabarani, wenye wateja, ni wako, mimi nahamia ndani kwenye joto. Ukikubali, nibipu mara moja. Sitapokea, nitajua.

Kaka yako,
Abuu