Bima Haitaki Wazee

Jumatatu, 9 Juni 2025
Bomba la kupulizia limekufa. Fundi kalifungua, kaitazama injini, kacheka. Mikorosho imeanza kutoa maua na ubwiriunga uko njiani — ukishaupaka unga wake mweupe kwenye maua, huvuni kitu. Dawa yake, salfa, ninayo stoo. Bomba sina! Isabela anasema tuazime. Binti yangu huyu! Msimu huu kila mtu analala na bomba lake. Nitakopa benki. Miaka yote ya ualimu nilikopa, nikajenga, nikasomesha, sikukosa kulipa mwezi hata mmoja. Jirani yangu Flora akisikia pikipiki ya wadai anakimbilia chooni. Mimi si Flora.

Jumatano, 11 Juni
Masasi. Afisa mikopo ni Godwin. Nilimfundisha darasa la nne hapa Chiungutwa, kamasi mpaka mdomoni. Sasa ana tai. Shikamoo mwalimu, kiti, maji ya chupa. Nilipoona maji ya chupa nikajua sipati kitu.

Akabofya kompyuta, akanisifia: wateja waliolipa vizuri kama mimi ni wachache. Halafu akauliza umri, kana kwamba hauoni usoni. Sabini na moja. Bima ya mkopo haimpokei mtu wa umri huo.

"Mwalimu, rekodi yako haina doa," akasema. "Tatizo ni wewe. Unaweza kufa na hela yetu."

Kwa adabu kabisa. Nikamwuliza kama yeye hafi. Akatabasamu. Akanisindikiza hadi nje, akanong'ona kwamba yuko mtu Chilangala, Ladislaus, anachukua mikorosho rehani wala haulizi umri. Nimetukana njia nzima. Kimoyomoyo — bodaboda ni mtoto wa mchungaji.

Jumamosi, 14 Juni
Maua ya bondeni yameanza kupauka. Nimemwita Ladislaus.

Kaja na viatu vya kanisani. Tumetembea shambani na mashahidi wawili, balozi wa nyumba kumi na Flora. (Flora, shahidi wa deni! Dunia hii.) Kachagua mwenyewe, mikorosho ya kando ya barabara, ile ile aliyoipanda marehemu Eliakimu mwaka tuliooana. Ananipa hela leo, anavuna yeye mpaka nitakapoikomboa. Ndivyo rehani ilivyo, sina neno.

Isabela akaropoka mbele ya watu kwamba wao watoto watanisaidia kulipa. Nilipandwa na hasira. Mimi wa kusaidiwa? Nikasema kwa sauti, kama niko paredi:

"Deni ni langu. Wanangu wasiguswe. Nitakomboa mimi, kwa mkono wangu, si mtu mwingine."

Ladislaus akayarudia maneno yangu polepole, akawauliza mashahidi kama wamesikia. Wamesikia. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumanne, 17 Juni
Bomba jipya! Kijana wa kibarua kapulizia, mimi nyuma yake namsimamia, maana ukiwaacha wanaruka miti. Nimekula salfa ya kutosha. Kifua kinawaka.

Jumapili, 22 Juni
Nimekohoa ibada nzima. Isabela alikuwa kaninunia tangu siku ya rehani. Leo kaniuliza, nikiwa na kijiko mdomoni: "Mama, ukifa, nani atakomboa?"

Nikasema ninyi, nani tena. Akasema, ulisema si mtu mwingine. Mbele ya balozi.

Nikifa kabla, mikorosho imekwenda. Kwetu maneno ya shambani mbele ya mashahidi hayafutiki, nami ndiye niliyeyatamka, kwa Kiswahili sanifu. Mjinga mkubwa!

Jumanne, 24 Juni
Chilangala, kwa Ladislaus. Nimeomba turudi shambani niwataje watoto. Akasema yeye hana mamlaka, hela si yake, ngoja amwulize mwenyewe. Akapiga simu pale pale barazani. Simu yake mbovu, sauti inatoka nje yote.

Ilikuwa sauti ya Godwin.

"Mwambie alishasema, basi," akasema. Kisha: "Na kile kikohozi? Bado?"

Ladislaus akanitazama. Akajibu bado, bosi. Benki inaogopa nife. Godwin anaomba nife, na hela ni ya mfukoni mwake. Nikaaga vizuri, na Ladislaus akanishika mkono kwenye ngazi nisianguke. Nilitamani kumng'ata.

Jumamosi, 28 Juni
Godwin yuko sebuleni. Kaja na sukari, maziwa ya kopo na machungwa. Shikamoo mwalimu, nimesikia huna afya. Nikaitikia marahaba — ningefanyaje? Nikasema nakwenda kubadili kanga, nikajifungia chumbani. Naandikia gotini.

Namsikia akimhoji Isabela. Mama anakula? Analala vizuri? Hospitali wamesemaje kuhusu kifua? Isabela, mtoto wa watu, anajibu kila kitu, na chai anamwongezea. Nilisahau kumwambia ile sauti ilikuwa ya nani. Hapana, sikusahau. Niliona aibu.

Sasa Godwin anaita: mwalimu, mbona kimya huko?

Kikohozi kinapanda. Nimejaza kanga mdomoni asinisikie. Anasogeza kiti, anakuja mlangoni